Maji Yaendayo Ruaha Mbuyuni

Siku Jailos alipojua maji ya shambani kwake yanakokwenda, alikuwa amekaa benchi la nyuma katika darasa la shule ya msingi ya Isonta, koti limefungwa vifungo vyote kwa baridi ya Julai, akisikiliza huku akipiga miayo. Ulikuwa mkutano wa jumuiya ya watumia maji. Yeye alikuwa mjumbe wa kamati, si kwa sababu ya kupenda mikutano, bali kwa sababu chemchemi ya kijito cha Shilanga, ambacho kijiji kizima kilikitegemea, ilitokea kwenye shamba alilorithi kwa baba yake.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa kijana aitwaye Crispin, mtaalamu wa maji kutoka Mbeya mjini. Alibandika ramani ubaoni kwa gundi ya karatasi, akachora mstari wa chaki nyekundu pembeni yake.

"Huu ndio mgongo wa Uporoto," alisema. "Ninyi mnaishi juu ya mgongo wenyewe. Mtu akiwa na nyumba hapa kileleni, mvua inayoangukia bati la upande wa kusini inaingia mto Kiwira, inakwenda Ziwa Nyasa. Inayoangukia bati la upande wa kaskazini inashuka Usangu, inaingia Ruaha Mkuu, inapita Mtera, inakwenda mpaka Rufiji, inamwagikia baharini. Nyumba moja, mvua moja, lakini maji hayo hayaonani tena."

Watu walicheka. Yusta, mke wa Jailos, aliyekuwa amekaa mbele pamoja na akina mama, alinyoosha mkono.

"Samahani, mtaalamu. Huu Shilanga wetu unaelekea upande gani?"

"Kaskazini, mama. Usangu."

"Kwa hiyo unafika Ruaha Mbuyuni?"

"Unafika. Unakuwa umeshachanganyika na mito mingi, lakini unafika."

Yusta aliwageukia wenzake, uso wote ukiwaka furaha. "Mmesikia? Maji ninayooshea viazi hapa, kwetu wanamwagilia vitunguu!"

Darasa zima lilimfurahia. Jailos peke yake hakucheka, kwa maana Ruaha Mbuyuni hapakuwa na mama mkwe tu. Palikuwa na Philbert.

Yusta alizaliwa huko, chini ya mteremko wa Kitonga, kwenye joto na mashamba ya vitunguu. Kabla ya kuolewa alikuwa akipanda malori na magunia yake mpaka Mbeya, akauza kwa jumla katika soko la Mwanjelwa. Jailos naye alikuwa akishusha viazi pale pale. Walianza kwa kugombea nafasi ya kuweka mizigo, mpaka wapagazi wakaja kuwaamua, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wakinywa chai kwenye meza moja kila Yusta alipokuja. Wakati huo kwao kulikuwa na mchumba, Philbert, kijana mwenye shamba zuri kando ya mto na pampu yake mwenyewe. Posa ilikuwa imeshapokelewa na wazee walikuwa wamekwisha kunywa pombe ya posa. Yusta alirudi nyumbani, akamwita Philbert, akamwambia ana kwa ana kwamba amebadili nia. Kisha akaja kuishi kwenye ukungu na baridi, kwa watu wanaosema Kisafwa ambacho hakukijua hata neno.

Mwanamume mwingine angejiona mshindi. Jailos mwenyewe alijiona hivyo kwa miezi michache ya mwanzo. Halafu likamwingia wazo, nalo likakataa kutoka: kama Yusta aliweza kumwacha mtu ambaye posa yake imeshapokelewa, atashindwaje kumwacha yeye? Kile kile kilichompa mke ndicho kilichomnyima usingizi.

Yusta hakumficha kitu. Mwaka uliotangulia, mama yake alipoanguka kwa presha, aliyepiga simu kutoa habari alikuwa Philbert, kwa kuwa ndiye jirani mwenye pikipiki aliyemkimbiza mgonjwa zahanati. Yusta aliweka simu sauti ya juu, Jailos akiwa amekaa pale pale jikoni. Yaliyosemwa yalikuwa ya ugonjwa tu. Lakini mwishoni Philbert alisema, "Pole sana, Yusta." Wote pale Isonta walimwita Mama Blessing, kwa jina la binti yao. Philbert alisema Yusta. Jailos alikaa na jina lile kwa wiki nzima kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni.

Sasa likaja hili la maji.

Baada ya mkutano ule, Yusta alianza mchezo na mtoto. Jioni walipokwenda kuchota maji, Blessing alichuma maua ya porini akayatupa kijitoni, na mama yake akasema na maji kama anavyosema na watu: "Haya, nendeni salama. Mkanisalimie nyumbani." Jailos aliwasikia akiwa upande wa pili wa ua wa matete, jembe begani. Angeweza kutokeza, akacheka nao. Alisimama pale pale akifikiria. Mkewe alikuwa ameingia kijitoni mpaka magotini, sketi ameikunja kiunoni. Maji yaliyopita katikati ya miguu yake yalikuwa njiani kwenda kwa Philbert. Yangeingia kwenye mifereji yake. Angeyakanyaga. Angeyachota kwa viganja, akanywa.

Alijua ni upuuzi. Alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini usiku huo huo mezani aliusukuma mbali mchuzi.

"Hivi vitunguu vya wapi?"

"Vya Mbuyuni. Nimeletewa na mama mmoja kutoka Mwanjelwa. Kwani vimeoza?"

"Kuanzia leo nunua vya hapa hapa."

"Hapa nani analima kitunguu, Baba Blessing?"

"Basi tupike bila kitunguu."

Yusta alimtazama kwa muda mrefu, asielewe. Walikula mchuzi usio na kitunguu mwezi wote wa Agosti.

Shamba la Jailos lilikuwa pale mgongo wa mlima unaposhuka kidogo na kuwa mwembamba, kiasi kwamba mtu akisimama katikati anaona mabonde yote mawili: kaskazini nyasi kavu za Usangu, rangi ya mkate, na kusini migomba na mashamba ya chai, kijani tupu mpaka macho yanachoka. Chemchemi ilikuwa hatua chache tu upande wa kaskazini. Kati yake na mteremko wa kusini palikuwa na tuta la udongo mwekundu, laini, lisilo na mwamba.

Mwanzoni mwa Septemba, Jailos alianza kuchimba. Alichagua asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya mlima kiasi kwamba mtu hamwoni ng'ombe wake mwenyewe. Kwa mkewe alisema anatengeneza matuta ya viazi. Alichimba kwa hasira, na hasira ikamfanya achimbe vizuri: mtaro ulionyooka, kina cha kiuno, kingo amezikwangua kwa koleo. Kila alipochoka aliliona lile shamba la Philbert ambalo hakuwahi kulitia machoni, akaliona limejaa vitunguu vinene vyenye ngozi inayong'aa, na Philbert katikati yake akipiga mluzi. Akaendelea.

Asubuhi alipokata kipande cha mwisho, maji yalisita, yakaunda dimbwi dogo lenye povu, kisha yakageuka. Yakaingia mtaroni kimya kimya, yakavuka mgongo wa Uporoto, yakaanza kuteremka kuelekea Ziwa Nyasa.

Jailos alikaa chini akacheka peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu Julai kifua chake kilikuwa chepesi.

Wepesi ule haukudumu. Kabla ya mwisho wa wiki, Shilanga ulikuwa mawe matupu. Bustani za kabichi na karoti zilizokuwa chini ya kijiji zikaanza kulala. Wanawake wakawa wanafuata maji bonde la mbali, na Yusta alikuwa miongoni mwao, akirudi na ndoo kichwani, kanga imelowa mgongoni, hana nguvu hata ya kusema. Jailos alimpokea ndoo mlangoni na hakuweza kumtazama.

Kikaitishwa kikao. Watu walitaka kupanda kwenda kuangalia chemchemi, na Jailos, kama mjumbe wa kamati, alisimama akasema: "Nimeshaangalia. Chemchemi imekufa. Mnajua mikaratusi inavyokunywa maji."

Aliposema mikaratusi, kila mtu alimgeukia mzee Masumbuko. Mzee huyu alikuwa mjane asiye na mtoto aliyebaki kijijini, na alikuwa amepanda mikaratusi juu kidogo ya njia ya kwenda kwenye chemchemi; miti mirefu, iliyonyooka, karibu kufaa kwa nguzo. Hakuwa na kitu kingine cha uzeeni.

"Miti yangu ina miaka mingi pale," alisema Masumbuko. "Mbona maji hayakukauka mwaka jana?"

"Mwaka jana ilikuwa midogo," mtu akajibu.

Jailos aliwaacha waendelee. Alifikiri watabishana wee, kisha watatawanyika. Kesho yake walikwenda na misumeno. Masumbuko alikaa kwenye gogo la kwanza lililoanguka, akatazama mengine yakianguka, na hakumlaani mtu. Yusta ndiye aliyempelekea uji siku ile. Aliporudi alimwambia mumewe, "Yule mzee anatetemeka kama ana malaria. Na maji hayajarudi."

"Yatarudi," Jailos alisema.

"Wewe umejuaje?"

Jailos alichukua jembe, akatoka.

Upande wa pili wa mlima, mambo yalikuwa tofauti. Huko aliishi Lutengano, binamu yake, mtoto wa mjomba, Mnyakyusa mchangamfu aliyemfundisha Jailos kuendesha pikipiki na aliyesimama naye siku ya harusi. Lutengano aliona korongo lililo nyuma ya jiko lake limeanza kutiririsha maji katikati ya kiangazi, akampigia simu binamu yake. "Mungu ametukumbuka huku! Nimepanda mboga mpaka mlangoni. Njoo uone!" Jailos alisema atakuja. Hakwenda.

Novemba ikaja na mvua kubwa, mapema kuliko kawaida. Mtaro ulichimbwa kwa ajili ya kijito cha kiangazi. Sasa uliletewa maji ya mlima mzima. Udongo ule laini ulikatika, kingo zikaporomoka, mtaro ukawa korongo, na alasiri moja ya Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani, maji mazito yenye tope na mawe yalishuka kusini yakapiga nyumba ya Lutengano kwa nyuma. Ghala la mbegu za viazi lilikwenda lote. Ukuta wa jiko ulimwangukia Lutengano akiwa anamtoa mtoto wake mchanga. Mtoto alirushwa kwa mama yake, akapona. Baba mguu wake ulivunjika juu ya goti, mara mbili.

Ndugu wa Lutengano hawakuhitaji mtaalamu. Mvua ilipotulia waliyafuata maji kwa kuyapanda, kutoka jikoni mpaka mlimani, wakatokea kwenye shamba la Jailos. Wakauona mtaro. Mwanzo wake, karibu na chemchemi, ulikuwa bado umenyooka, na alama za koleo zilionekana kwenye kingo.

Walimkuta nyumbani. Hakukimbia. Alipelekwa ofisi ya kijiji, watu wakajaa mpaka nje, na mwenyekiti akamuuliza swali moja tu: kwa nini?

"Nilitaka kumwagilia viazi."

"Viazi vyako viko kaskazini, Jailos. Umepeleka maji kusini."

Mzee Masumbuko alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono yote miwili juu ya fimbo. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Na miti yangu, mwanangu?" Hapo Jailos akalia mbele ya watu, lakini sababu hakuitaja. Alikuwa tayari kuitwa mwizi na muuaji kuliko kuitwa kile alichokuwa.

Waliamua aufukie mtaro wote kwa mikono yake, ashindilie mawe, apande miti kuzunguka chemchemi, na shamba lake la chini alime Masumbuko mpaka mwisho wa maisha yake. Kuhusu Lutengano, ukoo ungeamua wenyewe. Akaondolewa kwenye kamati.

Nyumbani Yusta alikuwa amekaa kwenye kigoda, Blessing amelala mapajani. Alikuwa hajawasha moto.

"Nimewasikiliza wote," alisema. "Wanasema shetani, wanasema ulevi, wanasema ulitaka kumfilisi Lutengano. Mimi nimekaa na wewe. Nimefikiria tangu lini ulibadilika. Ni tangu mkutano ule wa ramani."

Jailos alisimama kizingitini.

"Ulitaka maji yasifike wapi, Baba Blessing?"

"Unajua."

"Nataka ulitamke."

"Kwa Philbert."

Yusta alicheka kwanza, kicheko kifupi cha mtu aliyesikia jambo lisilowezekana. Kisha uso ukambadilika. "Mimi nimebeba maji kichwani miezi miwili," alisema. "Yule mzee amekatiwa miti yake. Lutengano amelala hospitali amefungwa mguu kwa kamba. Kwa ajili ya Philbert? Mtu ambaye hata hajui kama una shamba?"

"Ulikuwa unatuma salamu. Nilikusikia."

"Kwa mama yangu!" Alipiga kelele mpaka mtoto akashtuka. "Nilikuwa namsalimia mama yangu!"

Asubuhi alifunga nguo zake na za mtoto. Jailos hakumzuia, maana hakuona ni kwa mdomo gani angemzuia. Aliwasindikiza kwa macho mpaka barabarani. Basi lilipoondoka kuelekea Uyole, pamoja na aibu yote aliyokuwa nayo, alihisi ule wivu wake wa zamani ukiinua kichwa na kumnong'oneza: haya, umempeleka mwenyewe.

Alifukia mtaro. Ilimchukua muda mrefu kuliko kuuchimba, kwa kuwa udongo mwingi ulikuwa umeshakwenda Kiwira, na ilimbidi abebe mwingine kutoka mbali. Watu walipita wakamtazama; hakuna aliyemsaidia. Siku Shilanga ulipoanza kutiririka tena kuelekea kaskazini, alikwenda hospitali kwa Lutengano, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia ukweli wote, yeye peke yake kati ya wanaume.

Lutengano alitazama dari kana kwamba ndiyo iliyosema. "Vitunguu," alisema hatimaye. "Nimevunjika mguu kwa sababu ya vitunguu."

"Nisamehe, binamu."

"Siwezi leo. Nenda kamrudishe mkeo. Ukirudi bila yeye usije tena hapa kunililia."

Jailos alipanda basi. Huko nyuma hakuwahi kuvuka Makambako. Sasa alikaa dirishani na kuona jinsi nchi ile ilivyo kubwa: mito ikikatiza barabara mmoja baada ya mwingine, yote ikishuka upande ule ule, kwenye Ruaha. Kila daraja lilimfanya ajione mdogo zaidi. Kijito chake kilikuwa mate tu katika maji yale.

Aliteremka Iringa kwanza, kwa Devota, dada mkubwa wa Yusta, anayeuza nguo sokoni. Devota alimsalimu kwa heshima, kwa Kihehe, "Kamwene, shemeji," akampa kiti na soda, halafu akamsema mbele ya wateja wake.

"Mdogo wangu alituaibisha ukoo mzima kwa ajili yako. Baba alikufa akiwa hajaongea na baba yake Philbert. Unajua hilo? Hakukuambia, kwa sababu hakutaka ulibebe. Halafu wewe unamwonea wivu kwa jambo alilolifanya kwa ajili yako."

"Yuko wapi, shemeji?"

"Kwa mama. Nenda. Lakini usimpigie magoti kama mlokole, hapendi."

Ruaha Mbuyuni ilimpokea kwa joto lililomkaba. Barabara nzima ilikuwa vibanda vya vitunguu vilivyofungwa mafungu na nyanya zilizopangwa kwenye ndoo. Aliuliza njia ya kwa mama Rozalia, mkwewe, na mwanamume aliyemuuliza, mnene, kipara, magoti yamejaa tope, akamwambia, "Twende, napita huko huko. Wewe ni nani yake?"

"Mkwe wake. Kutoka Mbeya."

Mtu yule alisimama. "Jailos?"

Jailos alijua kabla hajaambiwa. Miaka yote alikuwa amemchora kijana mrefu anayepiga mluzi. Aliyesimama mbele yake alikuwa na kitambi na raba zilizotoboka.

"Mimi Philbert," alisema yule mtu. Hakumpa mkono. Walitembea kando ya mfereji, mpaka kwenye shamba lililokuwa limejaa maji, mashina ya vitunguu yameinama, manjano, yananuka uozo.

"Langu hilo," Philbert alisema. "Mvua hizi. Mto umepanda ukaingia. Mwaka huu tulikuwa na maji ya kututosha mpaka kutuua." Kisha bila kumtazama, akasema, "Nimesikia ulichofanya. Mama Rozalia alimwambia mke wangu."

Jailos alitamani ardhi ile laini immeze.

"Nikuambie kitu," Philbert aliendelea. "Siku ile nilipoambiwa nimeachwa, nilitaka kuja huko Mbeya na panga. Nililinoa. Nilikuwa nakuchukia hata sikujui sura. Nikaja nikaoa, nikapata watoto, chuki ikapungua. Haijaisha yote. Hata sasa hivi nimekuona nimejisikia vibaya." Akatema mate pembeni. "Kwa hiyo sikucheki. Ila mimi sikumvunja mtu mguu. Nyumba ni ile ya bati jekundu."

Akageuka, akarudi kwenye vitunguu vyake vilivyooza.

Yusta alikuwa uani akimchana Blessing nywele. Alimwona mumewe na hakusimama. Mama Rozalia, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu, alimkaribisha mkwewe kwa desturi zote, akamchukua mtoto, akaingia ndani.

Jailos alikumbuka maneno ya Devota, akakaa chini bila kupiga magoti.

"Mtaro nimeufukia," alisema. "Lutengano anajua ukweli. Nimekutana na Philbert."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ningekuwa yeye ningekupiga." Aliendelea kuzungusha kitana mkononi. "Niulize. Swali lile ambalo umekuwa ukiniuliza kwa vitunguu na kwa mitaro, niulize kwa mdomo."

"Ulimpenda?"

"Ndiyo. Nilimpenda. Alikuwa mtu mwema kwangu, na nilipomwacha nililia njia nzima mpaka Iringa. Halafu nikapanda gari la Mbeya kwa sababu nilikutaka wewe zaidi. Siwezi kukuambia kwamba sikumpenda ili wewe ulale usingizi. Ukitaka mke ambaye hakupenda mtu kabla yako, mimi siye."

Neno lile, nilimpenda, lilimchoma Jailos pale pale alipoogopa lingemchoma. Lakini alikuwa bado amekaa, kuku walikuwa bado wanaparua chini ya kibanda, na mkewe alikuwa bado mbele yake akisubiri jibu.

"Twende nyumbani," alisema.

"Nitakuja kwetu kila mwaka. Peke yangu. Nikirudi hutaniuliza nimemsalimia nani."

"Sitauliza."

"Na ukisikia hicho kitu kinakuja tena, uniambie mimi. Usiende kuliambia koleo."

Alikubali. Hawakuondoka siku hiyo. Yusta alimwacha alale kwenye mkeka wa wageni na akaendelea kumnunia mpaka wiki ilipokwisha, ndipo wakarudi Isonta. Lutengano alitoka hospitali mwezi wa pili, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Jailos alimlimia shamba lake lote msimu huo, na binamu yake alikaa kwenye kiti akimwelekeza kwa fimbo, akimtukana kwa Kinyakyusa, na mara moja moja akimcheka. Mzee Masumbuko alichukua shamba la chini, akapanda parachichi. Salamu za Jailos huzipokea, lakini hajawahi kuketi naye meza moja.

Mei, msimu wa viazi, lori la wanunuzi lilikuja Isonta. Dereva alikuwa kijana mcheshi, shati limefunguliwa vifungo viwili, na Yusta alipompimia magunia, kijana alisema jambo lililomfanya acheke mpaka akashika kiuno. Jailos, gunia begani, alihisi kitu kile kikimpanda kutoka tumboni, cha moto, kile kile. Aliliweka gunia juu ya lori. Akamwendea mkewe, akamvuta pembeni ya tairi.

"Kimekuja," alisema.

Yusta alimtazama usoni kwa makini, kama anayepima homa ya mtoto. "Kikubwa?"

"Kiasi."

"Haya. Simama hapa na mimi, tuhesabu wote magunia yaliyobaki."

Akasimama. Dereva alisema utani mwingine, haukuwa mzuri kama ule wa kwanza, na mara hii wote wawili walicheka, Jailos kwa kujilazimisha.